Mpira wa Kupumulia Hautolewi kwa Kuangalia Saa

Ninafanya kazi ya uuguzi ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na swali ninaloulizwa zaidi na ndugu wa wagonjwa waliopandikizwa mishipa ya damu ya moyo ni lile aliloniuliza binti mmoja mlangoni, macho yamemvimba: "Sista, mbona baba bado ana mpira mdomoni? Tuliambiwa utatolewa ndani ya saa sita."

Hakukosea. Saa sita tangu mgonjwa atoke chumba cha upasuaji ndilo lengo ambalo vituo vingi vya moyo hujiwekea. Zamani wagonjwa hawa walipewa dozi kubwa za dawa za jamii ya morfini, wakalala na mashine hadi kesho yake. Katika miaka ya 1990 dozi hizo zilipunguzwa sehemu nyingi, kwa kuwa kadiri mpira unavyokaa ndivyo nimonia inavyopata mwanya.

Baba yake aliletwa saa nane mchana, mwili ukiwa na nyuzi 35 tu za joto. Tulimfunika blanketi la hewa ya moto, maana anayetetemeka hutumia oksijeni nyingi, na moyo uliotoka kushonwa hauna ya ziada. Kufikia saa kumi na mbili jioni alikuwa amepata joto na mirija ya kifuani ilikuwa ikitoa damu kidogo. Nilimwinamia nikamwambia, "Mzee, nibane mkono," akanibana. Nikamwomba ainue kichwa, akakiinua. Tukamwacha apumue mwenyewe, mpira ukiwa bado mahali pake.

Wengi hudhani mpira ni habari ya mapafu peke yake. Mashine inaposukuma hewa kifuani, shinikizo lake huupunguzia moyo kazi. Ikiacha kusukuma, damu hurudi moyoni kwa wingi na moyo hubeba mzigo wote wenyewe. Dakika ya kumi na mbili mapigo yalipanda kutoka 88 hadi 124, presha nayo ikapanda, na kwenye monita kile kipande cha mstari kinachofuata mchomo mrefu, ambacho hutakiwa kulala sawa, kikaanza kuzama. Huenda msuli wa moyo ulikuwa unakosa damu ya kutosha. Daktari aliagiza arudishwe kwenye mashine, tukampima ECG kamili, yaani kipimo cha umeme wa moyo, tukamrekebishia dawa ya maumivu, na potasiamu ya damu, iliyokuwa chini kidogo, 3.4, tukaiongeza polepole kwa dripu. Mstari ulirudi mahali pake. Nilitoka nikamweleza binti yake haya yote, kwa sababu anayeambiwa "subiri" bila sababu hujaza mwenyewe sababu mbaya kuliko ukweli.

Saa tano usiku jaribio la pili, la dakika 30, lilikwisha bila mapigo kuvuka 95, na mpira ukatoka. Neno lake la kwanza, kwa sauti iliyokwaruza, lilikuwa "maji". Nilimlowanisha midomo tu, kwani koo lililokaa na mpira huchelewa kumeza vizuri. Nikampa mto aukumbatie akikohoa, ili mfupa wa kifua uliofungwa kwa waya usitikisike.

Asubuhi ndugu waliomba nyaya za monita nazo ziondolewe, na hapo sikukubali. Baada ya upasuaji huu, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne, pengine zaidi, hupatwa na mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, hasa kati ya siku ya pili na ya nne. Mzee ulimjia alfajiri ya siku ya tatu, akiwa amelala bila kuhisi lolote: mapigo 140, yasiyo na mpangilio. Monita ndiyo iliyotuita. Alipewa amiodaroni, dawa ya kurekebisha mapigo, kwa mshipa, na kabla ya adhuhuri mapigo yalikuwa yametulia.

Siku ya tano tulizivuta zile nyaya nyembamba za muda zilizoshikizwa kwenye moyo kwa ajili ya kuuendesha ukizubaa. Alibaki kitandani saa nzima nikimpima presha kila dakika 15, kwa sababu waya ukitoka, damu inaweza kuvuja ndani ya mfuko wa moyo na kuubana.