Kufunga keria juu ya kanopi ya pikapu: kazi iko chini ya bolti

Ligonge paa la kanopi ya fibaglasi kwa kifundo cha kidole, uanzie katikati kwenda pembeni. Katikati linavuma. Ukifika pale paa linapokunjika kushuka kuwa ukuta, sauti inakuwa nzito na fupi. Hapo penye sauti nzito ndipo reli za keria zinapotakiwa kukaa. Ukizifunga katikati kwa sababu ndipo palipo bapa zaidi, umeshaharibu kazi kabla ya kushika drili.

Kanopi nyingi za fibaglasi zina unene wa milimita 3 hadi 5 tu. Zinavumilia mzigo uliotandazwa, na zinavumilia zaidi mzigo unaoshuka kwenye kuta. Zisichovumilia ni nguvu yote kukusanyika kwenye tundu moja huku gari likirukaruka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ununue keria ipi, jiulize uzito unapita wapi: unatoka kwenye keria, unaingia kwenye paa, unashuka kwenye kuta, unafika kwenye klempu (vibanio vinavyoshika kanopi kwenye kingo za bodi), ndipo unaishia kwenye bodi ya gari. Palipo dhaifu kwenye njia hiyo ndipo patakapoachia, hata kama reli zenyewe zinaweza kubeba tani.

Tafuta kitabu cha kanopi au kibandiko chake usome uzito unaoruhusiwa. Nyingi hutajiwa kati ya kilo 70 na 100 gari likiwa kwenye mwendo, na nyingine hazikuundwa kubeba kitu kabisa juu. Watu wengi husahau kwamba keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Kanopi ya kilo 75 ikifungwa keria ya kilo 25, umebaki na kilo 50. Kwenye barabara mbovu ni desturi kugawa kiwango kwa 1.5, kwa hiyo ile 75 inakuwa 50, ukitoa keria unabaki na kilo 25, ambazo tairi la akiba peke yake linaweza kuzimaliza. Hema la juu ya gari lina hesabu yake tofauti: wanaolala humo wanahesabiwa gari likiwa limesimama, na kiwango hicho huwa kikubwa zaidi kwa kuwa hakuna mtikisiko. Lakini hema lenyewe likiwa limekunjwa barabarani ni mzigo kama mzigo mwingine.

Ukihitaji kubeba zaidi ya hapo, usitafute bolti nene zaidi. Tengeneza fremu ya ndani: bomba za mraba zilizosimama juu ya kingo za bodi, zinazopanda hadi darini na kuunganishwa kwa chuma cha kukingama. Bolti za keria zinapita kwenye paa na kushika fremu, na paa linabaki na kazi yake ya kuzuia mvua. Weka raba kati ya fremu na dari, la sivyo vitasagana.

Kanopi za alumini ni habari nyingine. Bati lake ni jembamba na nguvu yote iko kwenye mbavu za ndani, kwa hiyo bolti zote zifuate mbavu hizo. Zitafute kwa macho na kwa kugonga. Sumaku haitakusaidia kwenye alumini.

Na kuna jambo moja ambalo halina mjadala: usiunganishe keria moja kutoka paa la kabini hadi paa la kanopi. Kabini na bodi vimefungwa kwenye chesisi kila kimoja kivyake, na gari likipita kwenye shimo kila kimoja kinapinda kwa upande wake. Keria iliyoshikilia vyote viwili itang'oa bolti au itapasua kanopi.

Tuje kwenye vifaa. Kwa reli mbili za sentimita 150, bolti 7 kwa kila reli zinatosha: ya kwanza na ya mwisho sentimita 5 kutoka ncha, nyingine zikiachana kwa takriban sentimita 23. Tumia M6 (bolti za kipenyo cha milimita 6) za chuma kisichoshika kutu, na nati zenye nailoni ndani ili zisilegee kwa mtikisiko. Urefu wa bolti hupimwa, haukisiwi. Fibaglasi milimita 4, kitako cha reli 3, raba 3, bamba la ndani 3, washa 1.5, nati 6, na nyuzi chache za kuchomoza: M6 ya milimita 25 inaingia vizuri. Ikizidi sana, itabaki ikikungoja darini siku utakapoinua kichwa.

Kitu cha maana kuliko vyote kwenye orodha hiyo ni bamba la ndani. Kata flatibaa ya alumini yenye upana wa milimita 40 na unene wa 3, urefu sawa na reli, uitoboe matundu yanayolingana. Washa pana za milimita 30 ni mbadala unaokubalika kwa mzigo mwepesi. Washa ndogo za kawaida zinazama kwenye fibaglasi. Skurubu za kujitoboa zenyewe hazina mahali hapa. Nati za riveti nazo ziache: zinabana kwa kuponda ukingo wa tundu, na fibaglasi ikishapondwa nati inaanza kuzunguka pamoja na bolti, hutaweza kuifunga wala kuifungua.

Ndani ya kanopi nyingi kuna zulia la dari. Kata mahali litakapokaa bamba, ulitoe kabisa, bamba liguse fibaglasi yenyewe. Zulia likibaki katikati linaonekana limebanwa vizuri siku ya kwanza, kisha linaendelea kusinyaa, na bolti zote zinalegea bila nati hata moja kuzunguka. Ukiwa hapo, fuatilia pia waya za taa ya ndani na za taa ya breki ya juu, ambazo mara nyingi hupita chini ya zulia hilohilo.

Panga reli juu ya paa kabla ya kutoboa chochote. Pima umbali kati yake mbele na nyuma, kisha pima kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikitofautiana zaidi ya milimita 3, sogeza. Fungua mlango wa kioo wa nyuma mpaka mwisho, na madirisha ya pembeni kama yanafunguka kwenda juu, uone kama yatagonga miguu ya keria. Paa likiwa na mbinuko, jaza pengo kwa vipande vya raba ngumu. Usilivute paa lifuate reli kwa kukaza bolti, kwa sababu fibaglasi iliyokazwa ikiwa imepinda hupasuka baadaye.

Kutoboa kunataka mkono mwepesi. Bandika tepu ya karatasi, weka alama juu yake, na usipige alama kwa nyundo na panchi: tabaka la nje ni gumu na kavu kama ganda la yai. Anza na biti ya milimita 3, drili ikizunguka kinyume hadi ikwangue tabaka hilo, ndipo uigeuze ipenye. Malizia na biti ya milimita 7, kisha panua kidogo mdomo wa tundu kwa biti pana. Mdomo huo uliopanuliwa unazuia nyufa kuanza, na unaacha kijibonde cha silanti (gundi ya kuziba maji) kukaa kuzunguka bolti. Vaa barakoa na miwani, maana vumbi la fibaglasi linawasha ngozi na halifai mapafuni.

Silanti iwe ya poliurethani, au tumia tepu ya butili. Silikoni yenye harufu ya siki iache jikoni na bafuni. Inachochea kutu kwenye chuma, na mahali ilipopita rangi wala gundi nyingine haishiki tena. Paka kuzunguka kila tundu na chini ya reli, ingiza bolti, kisha kaza nusu tu, mpaka silanti ichungulie pembeni. Iache ikae saa 24. Ukikaza yote mara moja unaikamua itoke yote, na kinachobaki ni chuma kugusa fibaglasi. Siku ya pili malizia kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), nyutoni-mita (Nm) 5 hadi 6, ukishika bolti isizunguke na kugeuza nati kutoka ndani, ili usiivunje silanti iliyokwisha kushika. Tone la grisi kwenye nyuzi linazuia bolti za aina hii kung'ang'ania.

Jaribu kwa maji: mtu mmoja nje na mpira, mwingine ndani na tochi. Anza chini ukipanda juu polepole, maana maji yakiingia kwenye tundu moja husafiri na kudondokea mbali na palipovuja.

Kisha klempu. Kanopi isiyobeba kitu inaweza kutulia kwa klempu 4, lakini ikishawekwa keria, ongeza ziwe 6, na 8 kwa bodi ndefu. Kama bodi ina plastiki ya kinga iliyofunika kingo, ikate mahali pa klempu, kwa sababu klempu inayobana plastiki huteleza. Zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza pamoja na nati za reli.

Vyuma vya keria vinavyokingama juu ya reli viwe angalau viwili, vikiachana kwa sentimita 75 au zaidi. Vitatu hugawa uzito vizuri zaidi. Ukipakia na mlango wa nyuma ukaanza kugoma kufunga, au kioo kikakwaruza upande mmoja, paa limeshuka: punguza mzigo au usogeze mbele.

Kagua pia kuzunguka bolti. Ukiona mistari myembamba inayosambaa kama nyota, weka alama ya kalamu kwenye ncha ya kila mstari. Mstari ukivuka alama, shusha mzigo, fungua bolti hiyo na uangalie bamba lake. Mara nyingi utakuta limeegemea zulia.