Mbegu za viazi zinachaguliwa shambani, si guniani

Mara ya kwanza kulima viazi mviringo kwenye robo ekari ya nyumbani, Njombe, nilijifanya mjuaji. Mbegu nilinunua barabarani, vile vidogo vinavyobaki vikubwa vikishapelekwa sokoni. Viliota vizuri, lakini kwenye maua mashina yakaanza kulala mchana, majani yakiwa kijani bado. Mnyauko. Nikaambulia magunia 3.

Mama hakunicheka. Alisema tu, "Mwanangu, wewe mbegu unaichagulia guniani. Mimi naichagulia shambani."

Msimu uliofuata nilihamia kipande kilichokuwa na mahindi, maana mnyauko hubaki ardhini, nikaomba mbegu yake. Maua yalipotoka tulipita mstari kwa mstari tukichomeka kijiti kwenye kila shina lililonawiri. Lililodumaa au kukunja majani, tukaliruka. Lililonyauka baadaye lilinyang'anywa kijiti chake. (Mwanangu wa mwisho aling'oa vingine akavitia jikoni, tukaanza upya.)

Yenye vijiti yalichimbwa kwanza. Tulitoa viazi vya ukubwa wa yai la kuku, tukavitandaza juu ya nyasi bandani, tabaka moja, penye mwanga lakini pasipo jua. Vinageuka kijani, kuvila ni hatari, ila kwa mbegu ndivyo vinavyotakiwa. Machipukizi yake yanakuwa mafupi, manene. Vya guniani gizani hutoa marefu meupe yanayokatika ukivigusa tu.

Mbegu hiyo tuliipanda Novemba, mvua ziliposhika. Mfereji, samadi iliyooza, udongo kidogo juu yake ili kiazi kisigusane na samadi, kisha kiazi kizima, chipukizi likitazama juu. Mama hakati mbegu kwa kisu, na sasa najua kisu hicho hubeba ugonjwa toka kiazi hadi kiazi. Nafasi anapima kwa unyayo mmoja. Mstari na mstari, kama robo tatu ya mita. Udongo tulipandishia mara 2.

Hapo tu ndipo tulipobishana: yeye alinyunyiza majivu kuzuia baka jani, ugonjwa unaounguza majani, mimi sikuona yanasaidia. Ukungu wa Januari ulipotanda nilipiga dawa upande wangu. Upande wake majani yaliungua.

Wiki 2 kabla ya kuvuna nilifyeka majani ili ganda likomae. Magunia 7. Mama alikuja kuyahesabu, akaniuliza dawa ile inauzwa shilingi ngapi.