Kumbukumbu ya mradi: neli ya kaboni ndani ya uga wa umeme

Juma la tatu

Programu ninayoiandika kila jioni hukokotoa viwango vya nishati vya elektroni ndani ya neli ya kaboni, yaani mrija mwembamba mno wa atomi za kaboni, ili nione kwa hesabu zangu mwenyewe namna uga wa umeme na mwanga vinavyoibadili tabia yake bila kuhamisha hata atomi moja. Neli (10,0), namba zinazoonyesha jinsi karatasi ya kaboni ilivyokunjwa kuwa neli, ambayo kipande chake kinachojirudia kina atomi 40, ilitoa pengo la nishati, yaani nafasi isiyo na viwango ambayo elektroni lazima iiruke ili umeme upite, la elektroni-volti (kipimo cha nishati) 0.95, ilhali neli (9,0) haikuwa na pengo lolote. Tofauti hii hunistaajabisha kila ninapoiona: karatasi ya kaboni ni ileile, lakini kama mkeka unaokunjwa, nakshi hukutana au hupishana ukingoni, na tofauti ya namba mbili zilizo ndani ya mabano ikigawanyika kwa 3 neli hupitisha umeme kama metali.

Juma la nne

Niliongeza uga unaoikatiza neli kwa upana. Viwango vya juu na vya chini, ambavyo kwa neli hii lazima viakisiane, vikaacha kuakisiana, na ilinichukua siku tatu kugundua kwamba nilikuwa nikiingiza pembe za atomi kwa digrii mahali ambapo programu ilitarajia radiani.

Juma la tano

Baada ya sahihisho hilo, uga dhaifu haukulitikisa pengo kwa kiasi cha kuonekana. Lilianza kupungua uga ulipofikia volti kadhaa kwa kila nanomita, kiwango kikubwa mno, hasa tukikumbuka kwamba katika neli halisi elektroni zenyewe hujipanga na kuzima sehemu kubwa ya uga huo. Nilipohamia neli (20,0), yenye kipenyo maradufu, takriban robo ya uga ilitosha. Kwa maoni yangu, anayetaka kuitawala neli kwa umeme aanze na zile nene.

Upande wa mwanga, miali inayotikisika sambamba na neli huirusha elektroni bila kubadili mzunguko wake kuizunguka neli. Uga wa kukatiza huichanganya mizunguko hiyo, na mirusho iliyokuwa imezuiliwa huanza kujitokeza. Hata hivyo hesabu yangu bado haijaingiza mvutano kati ya elektroni na tundu, yaani nafasi tupu, iliyoliacha, ambao majaribio ya mwaka 2005 yaliupima kuwa takriban elektroni-volti 0.4 katika neli nyembamba. Hiyo ndiyo kazi ya juma lijalo.