Siku moja maishani mwangu: mkono uliofutwa ubaoni

Saa 11:30 alfajiri

Julai ya Dodoma haina masihara. Upepo unapita chini ya mlango na vumbi lake, maji ya ndoo yanauma vidole, na mimi bado nimejifunika khanga mbili juu ya blanketi nikitafuta sababu ya kutokwenda chuo. Leo sababu zimeniishia. Ratiba inasema saa 4 kuna uchoraji wa umbo la binadamu, na pembeni pameandikwa "vitendo". Basi nabeba kila kitu: penseli tatu, brashi mbili na kipande cha hadibodi alichonikatia seremala wa hapa mtaani Nkuhungu. Muhula wa kwanza nilikuwa nabeba hivyo kila siku. Siku hizi ni daftari na kalamu tu, kama mwenzangu wa chumba anayesomea uhasibu.

Saa 1:10 asubuhi

Kwenye daladala konda anauliza kama hilo bango nalo ni abiria. Nalipakata. Nimekaa na bibi mwenye kikapu cha mlenda mkavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unauza mbao?"

"Hapana, nasomea kuchora."

"Kumbe kuchora nako kunasomewa!"

Gari zima likacheka. Nikacheka nao, ingawa swali lake nimeshuka nalo.

Saa 2:00

Historia ya sanaa. Mkufunzi anasoma, sisi tunaandika: "Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, koma, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, nukta." Kila meza mbili zinagawana karatasi ya picha. Ni kopi ya kopi ya kopi. Watu wale wembamba ambao wazee wa kale waliwachora kwa rangi nyekundu wamegeuka doa jeusi, kama mtu kamwagia chai akajaribu kuifuta. Tunaambiwa tutazame mtiririko wa mistari. Mistari ipi, jamani?

Kinachoniuma ni kwamba Kolo iko mkoa huu huu. Unapanda basi la Kondoa asubuhi, unapita njia ya kwenda Babati, na mchana uko chini ya mwamba. Mwaka jana tulichangishwa 30,000 kila mmoja kwa ajili ya ziara. Kwanza gari likaharibika, kisha tukasubiri kibali, kisha hakuna aliyeuliza tena. Katika daftari nimeandika pia kwamba mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja Kondoa kuinakili michoro hiyo kwa mkono. Alitoka mbali. Sisi tunainakili kwa maneno.

Saa 4:00, ikawa saa 4:45

Darasa la vitendo lina stuli 22, sisi tuko 41. Kabati la rangi limefungwa. Ufunguo anao mtunza stoo, na mtunza stoo yuko semina. Mtu wa kukaa mbele ili tumchore hayupo. Tuliomboleza kidogo mwanzoni mwa muhula, tukazoea.

Mwalimu akaingia, akaomba radhi, akaanza: "Mkono wa binadamu una sehemu zifuatazo." Tukainama kuandika. Sijui ni nini kilimpata. Alikatiza sentensi, akageuka, akalaza chaki ubavu badala ya ncha, akaanzia kwenye kifundo cha mkono, siyo kwenye vidole kama tunavyofanya sote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu kando ya suruali, na huo ndio aliokuwa akiuchungulia. Mistari minne, mitano. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya chaki, na nyama ile ya chini ya gumba ikavimba pale ubaoni, nzito, kama ya mtu aliyechoka kubeba ndoo. Darasa lilinyamaza hadi tukasikia pikipiki za barabarani. Haikufika hata dakika mbili.

Akatazama saa, akachukua dasta, akafuta. "Tuendelee. Sehemu ya kwanza, kiganja."

Aliyewahi kutoa simu alipata picha ya dasta. Mimi niliwahi kifundo cha mkono na gumba tu kwenye hadibodi yangu.

Baada ya kipindi nilimfuata. "Mwalimu, kwa nini tusichore vile?"

"Karatasi ziko wapi, binti? Na mtihani utakuuliza sehemu za mkono, hautakuomba mkono." Alisema kwa upole. Ni mkufunzi wa muda, analipwa kwa kipindi, na saa 6 alikuwa na darasa chuo kingine. Laiti angekuwa hajui kuchora, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Saa 7:00

Wali maharage. Maharage mengi maji.

Saa 8:00

Usanifu kwa kompyuta. Zinazowaka ni tano. Zamu yangu ya kushika mausi ilidumu dakika nne, umeme ukakatika.

Saa 9:20

Dirisha la mhasibu. Sipewi namba ya mtihani hadi nimalizie deni, na nikiisoma stakabadhi ya muhula huu naona mstari wa tatu: "Vifaa vya vitendo, 120,000." Nimeusoma mara nyingi nikidhani nimekosea. Fedha hiyo ni mahindi ya baba, yaliyopakiwa Kongwa yakauzwa Kibaigwa kabla bei haijapanda, kwa sababu ada haisubiri bei. Nilimwuliza mhasibu vifaa gani. Akaniambia niandike barua kupitia kwa kiongozi wa darasa. Kiongozi wa darasa aliacha chuo mwezi Mei.

Saa 10:30 jioni

Majengo, kwa fundi wa mabango. Leo ni bucha, anatakiwa ng'ombe ukutani. Nimemchora, mwenye bucha akaja na mikono kiunoni: "Mbona kakonda? Huyu wa kiangazi. Niwekee wa masika." Nikamwongeza tumbo. Msidhani hapa ndipo kwenye chuo chenyewe. Herufi za fundi zinapanda mlima kila akifika mwisho wa neno, na ananidai uvumilivu wa 8,000 yangu ya kibarua tangu wiki mbili zilizopita. Ila rangi ipo, na inafunguliwa.

Saa 3:00 usiku

Mama kapiga. "Leo mmechora nini?"

"Mkono, mama."

"Hebu nitumie niuone."

Mwenzangu kalala, mkono wa kushoto uko nje ya blanketi. Nimesimamisha simu kwenye kikombe, tochi inammulika. Kifundo cha mkono na gumba ninavyo tangu asubuhi, vidole vitatu vimekubali. Kidole cha pete nimekifuta mara ya nne, na kifutio kimebaki kama punje ya hindi.