Wema wangu haukunifanyia mtihani

Nimekua nikiambiwa: ishi vizuri, mengine yatajileta. Niliamini hivyo mpaka nilipofeli mtihani wa uhasibu mara ya pili. Usiku ule nililia, nikamlalamikia Mungu waziwazi. Sidhulumu mtu, deni nalipa siku niliyoahidi, nikisema nakuja nakuja. Mbona wasiojali hayo wamepita?

Leo naona nilikuwa nimeugeuza wema kuwa ankara, nakaa nasubiri kulipwa. Ndoto haiangalii tabia ya mtu. Mchoraji Caravaggio aliua mtu mjini Roma mwaka 1606, akatoroka, na huko huko ukimbizini akachora picha zinazonyamazisha watu mpaka leo. Ila alifariki 1610 akiwa na miaka 38 tu, yuko njiani kurudi akitarajia msamaha. Huwa najiuliza ni picha ngapi alizikwa nazo.

Namfikiria pia Eliud Kipchoge. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, lakini 2012 akakosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya London. Akahamia marathoni na maisha yake yale yale: kuandika mazoezi yake daftarini, kusafisha vyoo vya kambi kwa zamu kama wenzake. Dhahabu ya marathoni ya Olimpiki aliipata 2016. Nidhamu haikumkinga na pigo la 2012, ila pigo lilipopita lilimwacha bado yumo mazoezini.

Mimi nilibebwa na kitabu. Miaka ya nyuma niliazima kitabu cha dada mmoja wa kazini, nikakirudisha siku niliyosema, nimekivalisha jalada jipya maana la zamani lilikuwa limechanika mgongoni. Nikasahau kabisa. Yeye hakusahau. Aliposikia nimefeli, akaanza kunipigia simu kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla hajajiandaa kwenda kazini, ananiuliza maswali ya mizania na uchakavu wa mali, nami najibu shuka likiwa begani. Miezi minne! Nikikosea alinyamaza kidogo, kisha: "Rudia, mdogo wangu. Taratibu."

Kusoma nilisoma mwenyewe, hilo halina mjadala. Lakini peke yangu nisingeamka.

Matokeo ya mara ya tatu yalitoka usiku. Nilikaa macho, nikasubiri ifike saa kumi na moja, safari hii nikapiga mimi.