Kadi ya mkopo Marekani ukiwa chini ya miaka 21

Unatoka Nyegezi kwenda chuo Marekani, una miaka 19, benki inakunyima kadi ya mkopo. Usinune. Ni sheria ya mwaka 2009 iitwayo CARD Act: aliye chini ya miaka 21 aonyeshe kipato chake mwenyewe cha kulipa deni, au alete mdhamini mwenye miaka 21 na kuendelea.

Hapo kwenye kipato ndipo wengi wanapojichanganya. Mapato ya baba mwenye duka Makoroboi si yako, usiyajaze kwenye fomu. Ila fedha anayokutumia kwa mpangilio, ikaingia kwenye akaunti yenye jina lako, inaweza kuhesabiwa. Kibarua cha maktaba chuoni nacho kinahesabiwa.

Mdhamini naye si shahidi tu kama wengi wanavyodhani. Usipolipa, deni ni lake. Na kabla hujatimiza miaka 21, benki haiongezi kikomo cha kadi hiyo, yaani kiasi cha juu unachoweza kukopa, bila yeye kuridhia kwa maandishi. Benki nyingi kubwa hazipokei wadhamini kabisa, hivyo usimsumbue mjomba bure.

Njia nyepesi ni kadi ya dhamana: unaweka, tuseme, dola 200, unapewa kikomo cha dola 200. Nunua vocha na sabuni za dola 40, kisha ulipe zote kabla ya tarehe ya mwisho. Ukilipa kile kiwango cha chini tu ambacho benki inadai kila mwezi, riba inaanza kutafuna salio.