Taa ya Kijani

Krismasi ya 2013 nyumba yetu ya Kibosho ilifurika watu, kama ilivyo kawaida ya Uchagani mwezi wa Desemba. Magodoro yalitandazwa sebuleni, wajukuu wakalala hapo, na betri ya sola ikawa katikati yao. Niliogopa mtoto asije akashika asidi. Nikaihamishia stoo, upande wa pili wa ukuta. Waya haukufika, nikauunga kwa kipande chembamba kilichobaki tulipofunga taa, nikasokota kwa mkono na kuviringisha solotepu. Haikuchukua hata dakika kumi. Mwaka mpya nikarudi kazini Arusha.

Katikati ya Februari mama akanipigia. Taa zilikuwa zinazimika saa mbili usiku, kabla hajamaliza hata kula.

"Halafu baba, hiki kidude siku hizi kinashiba mapema," akasema. "Zamani taa yake ya njano ilikaa mpaka saa nane mchana ndipo inakuwa kijani. Sasa saa nne tu, kijani. Imekula saa ngapi?"

Nilimjibu kuwa kijani ni dalili njema, maana yake betri imejaa, kwa hiyo tatizo litakuwa betri yenyewe kuchoka. Nilijibu haraka, nikiwa na watu mbele yangu. Jibu hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mama alikuwa ameshanipa ugonjwa wote kwa sentensi chache.

Mitambo ile haikuwa mikubwa. Paneli ya wati 100 juu ya bati, kontrola ndogo ukutani (ndiyo kile kidude chenye taa ya njano na kijani, kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri), betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, taa nne za wati 3 kila moja, redio na chaji ya simu. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia barabarani juu, hazijashuka kwetu. Ukipiga hesabu, taa zote nne kwa saa nne hazifikishi hata wati-saa 50, na betri kama ile hubeba 1,200. Hata ukitumia nusu tu ili usiiue, ilipaswa kumulika siku kadhaa bila jua. Hesabu hiyo sikuipiga. Fundi mmoja wa mjini aliipima ile betri, akasema imekufa, na kweli ilikuwa imekufa. Nikatuma karibu nusu ya mshahara, mama akapandisha betri mpya kwa gari la Kibosho.

Ikawaka vizuri wiki mbili. Ya tatu, saa mbili usiku, giza.

Jumamosi moja ya Aprili niliazima mita ya kupimia umeme, nikatoka Arusha alfajiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha sana, na kila mtu niliyemweleza alisema ni mawingu ya masika. Nami nilidhani hivyo. Nilipofika nikaona jani la mgomba limeinamia kona ya paneli, nikalikata nikiamini nimempata mwizi. Kivuli kidogo tu juu ya paneli hupunguza umeme mwingi kuliko mtu anavyofikiri. Lakini jua lilipotoka na paneli ikawa safi, taa ya njano ilikaa muda mfupi tu, kisha kijani. Kabla ya hapo betri ilikuwa imesoma volti 11.9, yaani ilikuwa na njaa kabisa.

Nikapima kwenye kontrola, pale waya za betri zinapoingia: volti 14.2. Nikaenda stoo, nikagusisha mita kwenye vichwa vya betri: 12.8. Nikarudi. 14.2. Nikaenda tena. Mama amesimama mlangoni ananitazama nikizunguka ukuta kama mtu aliyepoteza funguo. Volti moja na ushee ilikuwa inapotelea katika waya wa hatua chache. Nikaufuata kwa vidole mpaka kwenye ile solotepu. Ilikuwa ya moto.

Kontrola haioni betri. Inajua volti zilizopo miguuni pake tu. Umeme ukisukumwa kupita kwenye kiungo kibovu, volti upande wake hupanda, nayo huamini betri imeshiba na kuanza kubana chakula. Betri ya risasi na asidi ikiachwa nusu tupu wiki baada ya wiki, chumvi nyeupe huganda kwenye sahani zake mpaka inashindwa kupokea chaji. Ile ya kwanza niliiua hivyo, na ya pili ilikuwa njiani.

"Huo muungo niliufanya mimi, mama," nikasema.

"Najua. Nilikuwepo." Akanyamaza kidogo. "Sasa unahitaji nini?"

Nilihitaji waya mnene. Nikashuka Double Road, Moshi mjini, kwa bodaboda, nikanunua wa milimita 6 za mraba, mita za kutosha kupita bila kiungo hata kimoja. Niliporudi nikafungua paneli kwanza, kisha betri. Kichwa kimoja kilikuwa na ukungu mweupe uliokwisha kula kibano. Mama akaingia jikoni akatoka na magadi, yale yale ya kulainishia maharage, akayakoroga kwenye kikombe cha maji. Nikahakikisha vifuniko vya maji ya betri vimekaza ili tone lisiingie ndani, nikapaka. Yakatoa povu yakichemka juu ya asidi. Nikasuuza, nikapiga msasa, nikakaza kwa spana, nikapaka grisi. Betri kwanza, paneli baadaye.

Kontrola: 13.2. Betri: 13.1. Taa ilikuwa ya njano, na ilikuwa bado ya njano saa kumi jioni jua lilipoingia nyuma ya migrivea.

Mita nilimwachia mama siku chache, nikamwonyesha pa kugusisha nyekundu na pa kugusisha nyeusi. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijafika kwenye bati, akanipigia. Hakunisubiri nimwamkie.

"Kumi na mbili nukta nne," akasema. Jumanne ilikuwa nukta sita. Alikuwa anaziandika nyuma ya daftari lake la jumuiya, na kando ya kila namba ameandika kama jana yake ilinyesha.